Hakuna Ajuaye: Mama, Mwana na Siri katika Filamu ya Kore-eda

Methali isemayo kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hutenga matendo mawili ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Hata hivyo, methali hiyo haisemi lolote kuhusu upendo. Yamkini waliouanzisha msemo huo hawakuona haja: amlishaye mwanawe, amwogeshaye na amuuguzaye, huyo ampenda, asiyefanya hayo hampendi. Filamu ya Kijapani Dare mo Shiranai, yaani "Hakuna Ajuaye", iliyotolewa mwaka 2004 na mwelekezi Kore-eda Hirokazu, huanzia pale methali inaponyamaza. Ndani yake yumo mama ambaye, kwa kila dalili ambayo kamera inaweza kuinasa, anawapenda wanawe. Anawachana nywele, anampaka bintiye rangi ya kucha, anacheka nao sakafuni. Kisha anaondoka. Swali linalochunguzwa na makala haya ni kosa la mama huyo ni lipi hasa, kwa kuwa jibu la haraka, kwamba aliwatelekeza watoto, ni la kweli lakini halitoshi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Keiko anahamia katika nyumba ndogo ya kupanga jijini Tokyo pamoja na mwanawe Akira, mwenye umri wa miaka 12. Mwenye nyumba anaaminishwa kwamba wapangaji ni hao wawili tu. Mlango ukishafungwa, masanduku ya safari yanafunguliwa na kutoka ndani yake wanajitokeza Shigeru na Yuki, watoto wadogo; Kyoko, binti mkubwa, anafika usiku kwa treni. Watoto hawa wanne hawana baba mmoja, wala hakuna hata mmoja wao anayesoma shuleni. Masharti ya nyumba yanatangazwa wakati wa chakula: wasipige kelele, wasitoke nje, wasionekane hata kwenye roshani, isipokuwa Kyoko anapofua nguo. Mama anakwenda kazini, anachelewa, anapotea kwa majuma kadhaa, anarudi na zawadi, kisha anaondoka tena akiahidi kurudi wakati wa Krismasi. Harudi. Pesa zinakwisha, umeme na maji vinakatwa, watoto wanateka maji katika bustani ya umma, na hatimaye Yuki, aliye kitindamimba, anaanguka kutoka juu ya kiti na kufa.

Mhakiki aliyezoea usawiri wa mama katili, yule wa kambo katika ngano za kila taifa, atakosa pa kushika hapa. Nafasi ya Keiko ilipewa mtumbuizaji wa televisheni ajulikanaye kwa jina la You, ambaye sauti yake ni nyembamba kama ya msichana. Uteuzi huo una maana. Keiko si mama anayewachukia wanawe. Ni mtoto wa tano katika nyumba ile, tena aliye mchangamfu kuliko wote. Akirudi nyumbani, nyumba hupata mwanga. Watoto hawamwogopi bali wanamsubiri, na katika kumsubiri huko ndiko filamu inakojenga taharuki yake yote. Kama angekuwa mkatili, kuondoka kwake kungekuwa nafuu.

Kiini cha mjadala wa kimaadili kimo katika mazungumzo mafupi ya mama na mwana wakiwa mkahawani. Akira anamwambia mamaye kwamba yeye ni mtu wa kujifikiria mwenyewe. Keiko hakasiriki. Anauliza ni nani mwenye ubinafsi zaidi, yeye au baba aliyetoweka. Kisha anauliza iwapo yeye hana haki ya kuwa na furaha. Mtazamaji wa kawaida hulipuuza swali hilo kama kisingizio. Mwanafunzi wa fasihi hapaswi kulipuuza kwa wepesi huo, kwani analifahamu kutoka mahali pengine. Ni swali la Nora katika tamthilia ya Henrik Ibsen iliyotoka mwaka 1879. Nora naye aliwaacha watoto watatu ili ajitafute, na kwa zaidi ya karne moja vyumba vya mihadhara vimeupokea mlango alioubamiza kama sauti ya uhuru. Iweje basi mwanamke mmoja apigiwe makofi na mwingine alaaniwe kwa tendo lile lile?

Jibu la kwanza ni kwamba matendo hayo si sawa. Nora aliwaacha watoto mikononi mwa baba yao na yaya aliyemlea Nora mwenyewe. Keiko anawaacha mikononi mwa mvulana wa miaka 12. Jibu hili lina nguvu, ingawa linaficha jambo. Yaya yule wa Ibsen alikuwa amelazimika kumwacha mtoto wake mwenyewe ili apate kazi ya kumlea Nora, na wahakiki wachache sana hujishughulisha na mtoto huyo. Uhuru wa mzazi daima hulipiwa na mtu fulani, na pale ambapo mlipaji haonekani jukwaani, hadhira huona uhuru peke yake. Kore-eda amefanya kinyume cha Ibsen. Amemfuata mlipaji na kumwacha mama atoweke. Tangu Keiko anapoondoka kwa mara ya mwisho, kamera haimfuati hata hatua moja. Mtazamaji hajui kama ameipata furaha aliyoitafuta.

Hapo pana hoja nyingine. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika insha yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili, alimtumia mchoraji Gauguin kama mfano wa mtu anayeiacha familia yake ili afuate wito wa sanaa. Williams alidokeza kwamba kama mtu huyo atakuwa na cha kujitetea nacho, kitategemea kufaulu kwake. Asipofaulu, hana lolote la kusema. Mfano huo umewasumbua wengi, na ni haki uwasumbue, kwa kuwa unaelekea kusema kwamba picha nzuri zaweza kuwa fidia. Keiko hachori. Hana wito wowote mkubwa. Anachotaka ni mume, nyumba ya kawaida na jina jipya. Basi, kwa kipimo cha Williams, hana hata nafasi ya kucheza bahati nasibu. Lakini pana dhuluma katika kipimo hicho. Kwa nini mwanamume atafutaye utukufu astahili kufikiriwa kwa kina, ilhali mwanamke atafutaye utulivu tu aitwe mpumbavu? Filamu hailijibu swali hili, ila inalifanya lisikwepeke kwa jinsi inavyowaonyesha akina baba. Akira anakwenda kuwatafuta wanaume wawili kati ya wale waliopata kuwa na mama yake, mmoja dereva wa teksi na mwingine mfanyakazi katika ukumbi wa pachinko, ule mchezo wa mashine za kubahatisha. Si wakatili. Wanazungumza naye kwa utani, wanalalamikia madeni yao, wanampa kiasi kidogo cha pesa. Suala la nani hasa ni baba wa Yuki linageuka kichekesho. Hakuna sheria, jirani wala mtazamaji anayewatarajia wafanye zaidi ya hapo, na matarajio hayo finyu ndiyo hoja kali kuliko zote ambazo Keiko angeweza kuzitumia kujitetea.

Hata baada ya kumpa Keiko haki hiyo, bado kuna jambo lisiloweza kusamehewa, nalo si kuondoka. Ni siri. Kabla hajaondoka alikuwa amekwisha kuwafundisha watoto kutokuwepo. Masharti yale ya mezani, yanayotamkwa kwa furaha kana kwamba ni mchezo, yanamaanisha kwamba kuwapo kwa watoto watatu ni kosa litakalowafukuzisha wote. Mtoto anayelelewa kwa masharti hayo hujifunza kwamba kuonekana ni kuwasaliti awapendao. Kwa hiyo mama anapokwenda, haachi watoto wanaoweza kulia kwa sauti. Anaacha walinzi wa siri yake. Kuwanyima chakula ni kosa ambalo jirani angeweza kulirekebisha kwa sahani moja. Kuwapokonya uwezo wa kuomba sahani hiyo ni kosa la namna nyingine kabisa. Hivyo mama aliwaacha watoto wasio na mama na, wakati huohuo, akawazuia wasiwe watoto wa mtu mwingine yeyote.

Mzigo huo unamwangukia Akira. Analipa kodi, anapika, anaandika hesabu. Lakini kazi yake kubwa kuliko hizo ni kumtunga mama. Mwaka mpya unapofika, kulingana na desturi ya Kijapani, watoto hupewa pesa katika bahasha ndogo. Mama hakuleta kitu. Akira anachukua kutoka katika akiba inayozidi kupungua, ananunua bahasha, kisha anamwomba mfanyakazi wa dukani aandike majina ya wadogo zake ili mwandiko usionekane kuwa wake. Wadogo wanafurahi. Kyoko anazilinganisha na bahasha za mwaka uliotangulia na kuona kwamba mwandiko si ule. Hasemi kitu. Tukio hilo linachukua muda mfupi sana, nalo linabeba filamu nzima: mwana anaghushi upendo wa mama, dada anaugundua ughushi, na kimya cha dada kinakuwa sahihi ya pili katika waraka ule ule wa uongo. Kabla ya hapo Akira alikuwa amepiga simu akasikia mama yake akijitambulisha kwa jina la ukoo lisilo lao. Alikata simu bila kusema neno. Mwenye kusema kwamba watoto hawa hawakujua wameachwa hajaitazama filamu vyema. Walijua, na wakafanya kazi ya kutojua kwa niaba ya wenzao.

Hapo jina la filamu linaanza kuwa kinaya. Siri ya mtungi iulize kata, husema Waswahili, na katika mtaa ule kata ni nyingi. Mwenye nyumba anafika mlangoni na kuwaona watoto ndani. Wafanyakazi wa duka la mtaani lisilofungwa usiku wanamfahamu Akira kwa jina. Mmoja humpa kwa mlango wa nyuma chakula kilichobaki. Msimamizi wa timu ya besiboli, aliyepungukiwa na mchezaji mmoja, anamvika Akira sare na kumpiga picha, wala haonekani kujiuliza huyu ni mtoto wa nani na kwa nini yuko nje saa za masomo. Wapita njia wanawaona watoto wakifua nguo kwenye bomba la bustani. Hakuna aliye mbaya miongoni mwao. Baadhi yao ni wakarimu. "Hakuna ajuaye" si taarifa kuhusu upungufu wa habari. Ni jina la mapatano.

Aristotle, katika mafunzo yake ya maadili, aligusia jambo hili alipoeleza kwamba watunga sheria humwadhibu mtu hata kwa kutojua kwake, iwapo kutojua huko kumetokana na uzembe wake mwenyewe. Sheria ya Japani nayo ilisafiri polepole kuelekea wazo hilo. Sheria ya kuzuia dhuluma dhidi ya watoto ilipitishwa mwaka 2000, na katika tafsiri yake ya dhuluma ikajumuisha kutelekeza. Awali wajibu wa kutoa taarifa ulimhusu aliyemgundua mtoto aliyedhulumiwa. Marekebisho ya mwaka 2004, mwaka ule ule wa filamu, yaliupanua umhusu pia anayedhani tu kwamba mtoto amedhulumiwa. Tofauti ya maneno hayo mawili, kugundua na kudhani, si ndogo. Anayesubiri mpaka agundue anaweza kusubiri milele, maana nyumba nyingi hazijifungui zenyewe. Anayetakiwa kutenda kwa kudhani tu hana tena mahali pa kujificha.

Hata hivyo Kore-eda hakuwaachia watazamaji faraja ya kuwalaumu majirani. Yupo mfanyakazi mmoja wa dukani, msichana, anayeona na kusema. Anamshauri Akira aende polisi au kwa idara ya ustawi wa watoto. Akira anakataa: wakifanya hivyo hawataweza kuishi pamoja wote wanne, iliwahi kutokea, ikawa vurugu. Huu si ujinga wa mtoto bali ni hoja iliyopimwa, inayotokana na tajiriba. Kwake yeye familia ni watu wanne waliosalia, na taasisi iliyoundwa kuwaokoa ingeanza kwa kuwatenganisha. Msichana yule hana la kujibu. Je, alipaswa kutoa taarifa hata bila ridhaa ya Akira? Anayejua mwisho wa kisa atasema ndiyo, maana Yuki angeishi. Lakini msichana hakuujua mwisho, na aliyesimama mbele yake alikuwa mtu mdogo aliyekuwa akitimiza wajibu ambao watu wazima wote waliomzunguka walikuwa wameukimbia. Ni vigumu kumpokonya mtu wa namna hiyo kitu pekee alichofanikiwa kukihifadhi. Methali isemayo kwamba mkono mmoja haulei mwana haisemi mtu afanye nini pale mkono huo mmoja unapokataa kushikwa.

Mpaka hapa filamu inastahili sifa ilizopewa, ikiwa ni pamoja na tuzo ya mwigizaji bora wa kiume iliyotolewa Cannes mwaka 2004 kwa Yagira Yuya, aliyekuwa na umri wa miaka 14 tu. Lakini pana jambo moja linalohitaji kuhojiwa. Filamu inatangaza mwanzoni kwamba imechochewa na tukio halisi lililotokea Tokyo, ingawa maelezo na nafsi za wahusika ni ubunifu. Tukio hilo ni lile la mtaa wa Sugamo, lililofichuka mwaka 1988. Katika tukio lenyewe mtoto wa mwisho hakuanguka kutoka kitini. Alikufa kutokana na kupigwa na marafiki wa kaka yake. Kore-eda ameondoa kipigo na kuweka ajali.

Mtetezi wa filamu atasema kwamba mabadiliko hayo yanalenga haki. Laiti wavulana wale wangebaki, hasira yote ya hadhira ingewageukia wao, na mama angetoroka mara ya pili. Ajali haina mkosaji wa karibu, hivyo jicho linalazimika kutazama mbali, kwa aliyekuwa hayupo. Utetezi huu una uzito. Lakini gharama yake ni kubwa kuliko inavyokubaliwa. Kwa kuiondoa damu mikononi mwa watoto, filamu imeondoa pia sehemu chungu kuliko zote ya hoja yake yenyewe: kwamba kutelekezwa hakumwachi mtoto akiwa safi. Akira wa filamu ana njaa, nywele zake zimerefuka, nguo zimechakaa, lakini moyo wake haujaguswa. Anakataa hata pesa ambazo rafiki yake Saki amezipata kwa kwenda kuimba karaoke na mwanamume mtu mzima. Anabaki mwema mpaka mwisho. Hadhira inaweza kumlilia bila wasiwasi, na machozi yasiyo na wasiwasi ni jambo la kushukiwa katika filamu kuhusu watu wanaokataa kuona.

Ulinganisho na kazi ya baadaye unalidhihirisha hilo. Filamu ya Omori Tatsushi ya mwaka 2020, iitwayo Mother, nayo inatokana na tukio halisi, la mwaka 2014, ambapo kijana wa miaka 17 aliwaua babu na nyanya yake. Mama wa filamu ile haondoki. Yupo daima, anamtumia mwanawe kuombea pesa, anamshika kwa kamba isiyoonekana hadi mauaji. Mwana anaharibiwa na kuwapo kwa mama, na mtazamaji hana wa kumlilia kwa amani. Kisanaa ni filamu yenye ukavu, na usawiri wake wa mama unakaribia kuwa wa kiishara tu. Haina hata robo ya upole wa Kore-eda wa kuangalia vitu vidogo. Lakini inathubutu kusema lile ambalo Dare mo Shiranai inalinyamazia, kwamba utii wa mtoto kwa mzazi unaweza kuwa chombo cha uovu. Utii wa Akira kwa masharti ya mezani ni wa jamii hiyo hiyo, ingawa umevikwa mwanga mzuri wa dirishani.

Upole huo wa kuangalia ndio nguvu ya Kore-eda, na inafaa ukumbukwe ulivyopatikana. Alitoka katika utengenezaji wa filamu za hali halisi kwa televisheni. Filamu hii aliipiga kwa takribani mwaka mzima, kwa kufuata mtiririko wa kisa, na watoto hawakupewa maandishi ya kukariri. Waliambiwa maneno yao papo hapo. Kwa sababu hiyo kukua kunakoonekana kwenye skrini si uigizaji. Yagira anarefuka na sauti yake inabadilika. Vikombe vitupu vya tambi vinageuka vyungu vya miche, na ankara za umeme zisizolipwa zinachorwa picha kwa nyuma. Doa la rangi ya kucha linabaki sakafuni kama mahali pekee ambapo mama ameacha alama isiyofutika. Wakati unapita katika vitu, kwa vile hakuna mtu mzima wa kuuhesabu.

Ndiyo maana tukio la mwisho kabla ya mazishi lina uzito ambao hotuba yoyote ingeupunguza. Yuki amekufa. Akira amejaribu kumpigia mama simu kutoka kibandani, akasubirishwa mpaka sarafu zikaisha. Yeye na Saki wanaamua kumpeleka karibu na uwanja wa ndege wa Haneda, kwa kuwa Akira alikuwa amemwahidi kwamba siku moja wangepanda treni ya reli moja waende kutazama ndege. Wanataka kumlaza katika sanduku lile lililomleta. Haenei. Alikuwa amerefuka, nao wanasema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama wazazi wasemavyo dukani wanaponunua viatu. Wanachukua sanduku kubwa zaidi, wanaweka na chokoleti alizozipenda, kisha wanasafiri nalo katikati ya abiria ambao hakuna hata mmoja anayelitazama mara mbili. Alfajiri Akira na Saki wanarudi kwa treni, mikono yao ikiwa na udongo. Saki mwenyewe ni mtoto, tena haendi shule kwa sababu ya kuonewa na wenzake. Tangu asubuhi hiyo naye anajua, na katika picha ya mwisho ya filamu anatembea pamoja nao akirudi katika nyumba ile, kwenye nafasi ya wanne.